Kofia Ndani ya Mkebe wa Biskuti

Marodoka, Nosy Be
14 Februari 1982

Halimati,

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Natumaini wewe na mdogo wako Ansoifa mmeshafungua mizigo, na nyumba ya Tsaramandroso imekubali kuwapokea. Nyumba ikifungwa miaka mitano hununa kama mtu. Ipepeeni, ipikieni, itacheka.

Naendelea kukuandikia kwa Kiswahili. Barua zetu hupita mikono saba kabla ya kufika Mahajanga, na yote saba inasoma Kifaransa na Kimalagasi bila haya. Ile miaka sita ya Unguja, nyumba zetu zikitazamana, mimi nikijifunza kutengeneza saa kwa ami yangu na wewe ukijifunza sindano kwa marehemu mama yako, haikutuachia mali yoyote ila lugha hii. Basi iwe pazia letu.

Habari kubwa ni kwamba nimepandishwa cheo, au nimeshushwa, bado sijaelewa. Miaka kumi na miwili nimepima magunia ya sukari kiwandani. Mwezi uliopita akaja injinia kijana, Chaïbou, akanitazama nilivyofunga skrubu ya mizani kwa ncha ya kisu, akasema, "Mzee, mikono yako ni ya maabara." Hakuna aliyewahi kuisifu mikono yangu, wewe ukiwemo. Nikamfuata.

Maabara yenyewe ni stoo ya zamani ya magunia. Kazi ni hii: muwa ukishakamuliwa yanabaki makapi, mlima mzima, na mlima huo tunauchoma. Sasa mafuta ya magari hayaonekani kisiwani, na wakubwa wamesikia kwamba ndani ya makapi kuna sukari nyingine, imefungwa kwenye nyuzi za mmea kama fedha ya bahili. Muwa hauitoi hata ukanyagwe na tembo. Lakini ukungu unaijua njia. Ukungu hauna meno wala tumbo, kwa hiyo hutema nje maji yake, na ndani ya maji hayo mna vimeng'enya, vitu vidogo sana vinavyokata nyuzi vipande vipande mpaka zinakuwa sukari. Tatizo letu ni kwamba ukungu tulionao ni mvivu. Tumeuokota kwenye magogo yaliyooza na kwenye mlima wenyewe wa makapi, tumeubembeleza kama mkwe, hautaki kazi.

Kofia uliyonishonea ipo salama. Nimeiweka kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko cha kubana, isiingie mende. Na kwa kuwa najua unapenda nguo inukie, nimeifunika kwa maua ya langilangi, mabichi, nimeyachuma mwenyewe asubuhi, nikajaza mkebe mpaka juu. Sitaufungua hadi siku nitakapokuja kukuposa.

Wako anayekusubiri kwa subira, goti lake halisubiri,
Boinali

*

Tsaramandroso, Mahajanga
9 Machi 1982

Boinali,

Nyumba imecheka. Paa limecheka zaidi, limefungua mdomo sehemu tatu, lakini fundi yupo juu.

Sasa kaa chini kabla hujasoma. Mjomba Tadjiddine amekubali kukusikiliza. Siku ya tatu baada ya Idi, uje na watu wako wawili. Unamjua mjomba. Amesema hataki hotuba. Ameniuliza tu, "Huyo bwana ulimpa kofia?" Nikasema nilimpa. "Basi aje nayo kichwani. Nitaitazama kofia kwanza, yeye baadaye. Mtu mzima asiyeweza kutunza kofia, nimpe mtoto wa dada yangu amweke wapi?"

Nimecheka, lakini nimefurahi. Kwetu wengine wanapeleka dhahabu. Mimi sina dhahabu, nina ile kofia. Kwa hiyo itunze. Usiifue kwa sabuni, usiianike juani, usiivae kwenda kumwona mtu yeyote ukadhani mimi sitajua.

Jambo la pili, nalisema kwa upole. Hapa sokoni wanasema kiwanda chenu kinapika pombe kwa takataka na kwamba wewe ndiye mpishi. Mjomba hajasikia bado. Nimjibu nini akisikia?

Ansoifa anakusalimu. Anasema barua zako ni ndefu na zinamchosha. Sijui zinamchosha nini, barua ni zangu.

Halimati

*

Nosy Be
2 Aprili 1982

Halimati mpenzi,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Siku ya tatu baada ya Idi! Mwambie mjomba Tadjiddine nitakuja hata kwa kuogelea.

Kuhusu pombe, mwambie hivi: kazi yangu inaishia kwenye sukari. Baada ya hapo Chaïbou anatia hamira, sukari inachacha kama unga wako wa mkate wa mchele, na inayopatikana ni spiriti ya kutia kwenye gari. Ile ya mfano aliyokuja nayo nimeionja kwa pua tu na nikalia machozi. Mtu akiinywa hatalewa, ataungua.

Na sasa furaha: tumepata ukungu! Mwezi uliopita, kwa bahati tu, ulionekana juu ya kitambaa kimoja kikuukuu cha pamba. Mweupe kwanza kama pamba yenyewe, kisha kijani kama mpunga mchanga. Chaïbou alipouona aliruka akagonga kichwa kwenye rafu. Pamba na makapi, anasema, ni ndugu, nyuzi ni zilezile, na ukungu uliozoea kula pamba utakula makapi. Tukaukuza kwenye chupa, tukachuja maji yake. Makapi tulikuwa tumeyasaga na kuyachemsha na chokaa yalainike, tukayamwagia yale maji, tukayaweka siku mbili kwenye joto la maji ya kuogea, ya mtu asiyeogopa moto. Halafu kipimo. Ipo dawa ya rangi ya bluu. Ukiichemsha na maji yasiyo na sukari inabaki bluu, ikikutana na sukari yetu inageuka nyekundu kama tofali. Miezi miwili tumetazama bluu tupu. Juzi ikawa tofali, Halimati! Mzee mzima nilishika kibomba cha kioo nikakibusu.

Kofia haijambo.

Naomba kuuliza jambo, kwa kutaka kujua tu, kwa maana fundi wa saa hupenda habari za ufundi wa wengine: kofia kama ile huchukua muda gani kushonwa? Tuseme mtu angetaka ya pili inayofanana nayo kabisa. Mfano tu.

Wako mwenye furaha,
Boinali

*

Tsaramandroso
24 Aprili 1982

Boinali,

Miaka miwili na miezi mitatu. Sasa unajua.

Sikuwahi kukuhadithia, nikuhadithie. Januari ile ya sabini na saba, baada ya mauaji ya watu wetu hapa Mahajanga, tulipoambiwa tupande ndege sasa hivi, nilikuwa na mkono mmoja tu mtupu, mwingine ulimshika Ansoifa. Nikachukua kilichokuwa karibu, kilemba cha hariri cha marehemu baba kilichokuwa msumarini. Sikuchukua sufuria, sikuchukua picha. Huko Moroni tulikaa watu kumi na mmoja chumba kimoja, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Nikasema mikono hii inataka kazi. Nikaomba kipande cha pamba nyeupe, nikaanza kukifumua kilemba uzi kwa uzi, na kwa uzi huo nikashona kofia. Kila kitobo nilikizungushia hariri ya baba. Nilipofika nusu mikono iliacha kutetemeka. Nilipokaribia kumaliza nikajua naishona ya nani.

Kwa hiyo hakuna ya pili. Kilemba kimekwisha. Wala mimi sitashona nyingine.

Lakini kwa nini unauliza?

Na mimi nikuulize. Unajua kwetu mshonaji wa kofia huacha kitobo kimoja bila kukishona, kimalizwe siku ya nikahi. Nami nilikiacha. Niambie kiko upande gani.

Halimati

*

Nosy Be
10 Mei 1982

Halimati mpenzi,

Kazi ni nyingi, naandika haraka, Daoud wa melini anasubiri mlangoni na anakohoa ili nijue kwamba anasubiri. Kitobo nimekiona. Kiko upande wa kushoto, karibu na sikio. Kazi nzuri mno.

Boinali

*

Tsaramandroso
22 Mei 1982

Shemeji,

Hii ni barua ya Ansoifa, na dada hajui kwamba naiandika. Yuko kwa jirani.

Kitobo hakiko kushoto karibu na sikio. Kiko juu kabisa, katikati ya utosi. Nilimsomea jibu lako. Alichukua ufagio akafagia chumba ambacho nilikuwa nimekifagia.

Ndiyo, nilimsomea. Na barua zote ulizopokea tangu mwaka jana ni mwandiko wangu. Wewe fundi wa saa unayeona vumbi ndani ya gurudumu hukuona kwamba mwandiko umebadilika? Macho ya dada yanafifia, Shemeji. Yalianza Moroni, kwenye ile kofia, chumba kile hakikuwa na dirisha. Sasa anaona mwanga wa mlango, anamwona mtu kama kivuli, na maandishi anayaona yakiwa makubwa kama ya ukutani. Akipika anapima kwa vidole. Amenikataza kukuambia kabla ya nikahi, kwa sababu anafikiri mwanamume wa miaka arobaini na tisa mwenye goti bovu anatafuta mke wa kumwongoza, si wa kuongozwa.

Kofia ile ndiyo kazi ya mwisho ya macho yake. Kila jioni ananiambia, "Angalau ile ipo." Sasa nakuuliza mimi, na mimi si mpole kama yeye: ipo?

Kama umeipoteza, sema. Kama unafikiri utakwenda kununua nyingine na yeye hataona, nakuonya, vidole vyake vinaona kuliko wewe.

Ansoifa

*

Nosy Be
3 Juni 1982

Halimati,

Nitaandika polepole, na anayekusomea asome polepole. Salamu kwake.

Kofia imeliwa.

Nimelifuta neno hilo mara tano nikatafuta lingine laini, sikulipata. Machi ulipoandika niitunze, nikaenda kufungua mkebe nihakikishe. Yale maua mabichi ya langilangi, niliyoyajaza mpaka juu kwa mapenzi na ujinga, yalikuwa yametoa maji, na kifuniko cha kubana nilichojivunia hakikuruhusu hata tone kutoka. Ndani kulikuwa na joto kama hamamuni. Kofia ilikuwa ya kijani. Nimefanya kazi ya kuotesha ukungu miezi miwili bila kufanikiwa, na huku nyumbani kwangu, chini ya kitanda, bila elimu yoyote, nimeotesha ulio bora kisiwa kizima.

Kitambaa kile kikuukuu cha pamba nilichokuandikia habari zake kwa furaha ndicho hiki. Nilikipeleka kwa Chaïbou nikiwa nimekificha kwenye mkoba wa chakula, nipate dawa ya kuua ukungu. Yeye akaruka akagonga kichwa. "Mzee, umeupata wapi?" Nikasema kwenye tambara. Nimeiita kofia yako tambara, Halimati. Na ilipogeuka tofali nikabusu kioo, kwa sababu nilikuwa na furaha kweli, na nikalia stoo, kwa sababu nilikuwa na huzuni kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kabla ya saa nne asubuhi.

Chaïbou alikata vipande viwili vidogo, kisha akataka iliyobaki yote, maana ukungu ukilishwa viazi unadhoofika na ukilishwa pamba yako unaamka. Nikaifungia kabatini na ufunguo nauvaa shingoni. Ananiita mzee mkaidi. Bado ananipa chai.

Halafu nikafanya upuuzi wa pili. Nikavuka kwenda Nosy Komba kwa Bi Mariamou, mtarizi anayesifiwa huko, nikamwomba aniigizie. Mama mfupi, mkali, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akayashika mabaki akayageuza.

"Aliyeshona hii ni nani wako?"

"Ninataka kumwoa."

"Na unataka nikusaidie kumdanganya mkeo kabla hajawa mkeo?"

 Akanivuta hadi mlangoni kwenye mwanga. "Tazama, wewe unayejiita fundi. Hapa chini vitobo vyote ni sawa, kama punje za mchele. Panda juu. Hapa vinaanza kukua. Hapa kimoja kimepita mstari. Hapa juu kabisa huyu mama haoni tena, anashona kwa ncha ya kidole. Na hakuacha. Hii siwezi kuigiza mimi, wala mtu mwingine. Nenda."

Kwa hiyo najua, Halimati. Sikuambiwa, nimesoma kwenye mishono yako, nimechelewa miaka miwili kuisoma. Ungeniambia, ningekuja mapema. Mimi mwenyewe goti halinipeleki popote bila kulalamika. Wewe uwe na miguu, mimi niwe na macho, tutapata mtu mmoja mzima na kidogo cha akiba.

Na sasa sikiliza jambo ambalo sikulijua mpaka jana, na ndilo lililonipa ujasiri wa kuandika. Nilimwonyesha Chaïbou kofia kwenye mwanga, nikamwuliza kwa nini haijawa unga, mbona bado ina umbo. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama, akaniuliza, "Uzi ni wa nini?" Nikasema hariri. Akacheka kwa sauti. Vimeng'enya, anasema, ni kama funguo. Hivi vyetu vinafungua kufuli moja tu, nyuzi za mmea. Pamba ni mmea, basi vimeimeng'enya. Hariri hutoka kwa mdudu, ni kufuli lingine kabisa, na hivi havina ufunguo wake.

Umeelewa? Vimekula kitambaa cha watu wa Moroni. Kilemba cha baba yako havikukigusa. Kazi ya mkono wako ipo yote, isipokuwa vitobo tisa vilivyokwenda na vipande vya Chaïbou. Vilivyobaki vimesimama vyenyewe, kimoja kimemshika mwenzake, katikati hakuna nguo. Ukiiinua juu unaona mbingu. Na kwenye utosi, katikati, pana nafasi moja isiyozungushiwa hariri. Sikuiona mwanzo kwa sababu niliona aibu kutazama.

Sitanunua nyingine. Nikiruhusiwa kuja, nitakuja na hii. Nisiporuhusiwa, nitaileta kwa mkono wa Daoud, ni ya baba yako kabla ya kuwa yangu.

Boinali

*

Tsaramandroso
17 Juni 1982

Boinali,

Siku mbili sikutaka kusikia jina lako. Ansoifa anaandika hapa kwamba zilikuwa tatu. Ziwe tatu.

Siku ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya kofia. Ya pili nilikasirika kwa ajili ya upande wa kushoto karibu na sikio. Kofia iliharibika kwa bahati mbaya, lakini sikio hilo ulilitunga ukiwa na akili zako timamu. Siku ya tatu nilikuwa napima mchele, nikakumbuka Chaïbou na rafu yake, nikacheka peke yangu mpaka mchele ukamwagika, na kuuokota ilikuwa kazi, unajua sasa kwa nini.

Mimi pia nilikuficha. Sikutaka unichukue kwa huruma. Umeandika mambo ya miguu na macho. Nimemwambia Ansoifa asome mahali hapo mara mbili. Ansoifa anasema nne. Huyu mwandishi hafai.

Nieleze vizuri: vitobo vimeshikana? Ukiviweka juu ya pamba mpya vitakaa? Kama vitakaa, basi kazi ya kuona imekwisha fanyika, imebaki kazi ya kushikiza, na hiyo vidole vinaijua. Shida yangu ni moja tu. Naweza kushona bila macho. Siwezi kutunga uzi kwenye sindano bila macho. Nimejaribu mwaka mzima, nimejichoma mpaka nikaiogopa hiyo sindano.

Wiki ijayo tunaanza kufunga. Siku ya tatu baada ya Idi mjomba atakuwa barazani saa tisa. Njoo na ilivyo. Usimfiche. Na ulete miwani yako ya saa, ile ya kubana jichoni.

Halimati

Shemeji, asante kwa kutonitaja. Ansoifa.

*

Nosy Be
8 Novemba 1983

Mke wangu,

Msimu wa miwa unaisha mwezi ujao, na mimi nitarudi nyumbani kwako kama desturi yetu inavyomtaka mume, na kama goti linavyotaka.

Leo nimeagana na ukungu. Mafuta yamerudi bandarini, magari yanakunywa, na wakubwa wamesahau kwamba makapi yana sukari. Stoo inarudi kuwa stoo ya magunia. Chaïbou anahamishiwa bara. Tulipata lita thelathini na moja za spiriti kwa jumla. Siku ya mwisho tulizitia kwenye pikipiki yake, ikazunguka kiwanda, ikanuka kama duka la dawa, tukapiga makofi watu wanne. Ukungu ameuweka kwenye chupa ndogo aende nao. Akaniuliza auandike jina gani. Nikamwambia aandike Halimati. Usinune. Si kila mwanamke anaachiwa jina lake kwenye kitu kinachotoa sukari ndani ya takataka.

Aliniuliza tena ilikuwaje kwa mjomba, nami nikamhadithia kwa mara ya saba. Mjomba Tadjiddine alivyoivua kofia kichwani mwangu, akaiinua kwenye jua, watu wote barazani wakinyoosha shingo.

"Hii ni kofia au wavu wa dagaa?"

"Ni kofia, mjomba. Niliiharibu mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa maua."

"Maua gani?"

"Langilangi, mjomba. Nilitaka inukie."

Akanitazama, akaitazama, akaingiza kidole kwenye kitobo kimoja cha hariri. Nikaona anaijua ile hariri ya shemeji yake.  Kisha, unakumbuka, "Muoe. Lakini usimwekee maua."

Na baadaye ndani, mimi na miwani yangu ya saa, nikitunga uzi, wewe ukikimaliza kile kitobo cha utosi kwa kupapasa, na Ansoifa akisema, "Haraka, wali unapoa."

Ansoifa ameniandikia kwamba anaondoka Ijumaa kwenda Antsiranana kwa rafiki yake aliyejifungua, mwezi mzima. Najua umefika nusu ya kuvishikiza vile vitobo juu ya pamba mpya, na najua hutamwomba jirani akutungie uzi. Kwa hiyo Daoud anakuletea, pamoja na barua hii, mkebe. Usiogope, haumo ua hata moja. Ndani kuna kipande cha sponji, na kwenye sponji sindano ishirini na nne. Zote nimezitunga uzi na kuufunga fundo mwishoni. Zimepangwa mistari minne, ncha chini, ukipapasa hutajichoma.

Boinali

*

[Kwa mwandiko mwingine, herufi kubwa, mistari ikishuka kulia]

Mahajanga
Desemba

BOINALI
ANSOIFA HAYUPO NAANDIKA MWENYEWE
SINDANO ZIMEBAKI TATU
NJOO